Trekta dogo kwa shamba la Muheza: tengeneza shamba kwanza, mashine baadaye

Mtu akishapata fedha ya trekta, safari ya kwanza huwa ya Dar es Salaam, kwenye yadi. Mimi nashauri iwe ya shambani kwako, kwa miguu, panga mkono mmoja na mtaimbo mkono wa pili. Haya matrekta madogo ya nguvu ya farasi 20 hadi 35 ni nadra kuyaona yakifa kwa uzee huku kwetu. Yanauliwa na visiki vya minazi, mawe ya pwani, mitaro iliyofunikwa na majani, na dereva aliyekabidhiwa ufunguo bila maelezo. Vitu hivyo vyote vinaonekana kabla hujatoa hata shilingi moja.

Ninayemwandikia ni mwenye ekari 5 hadi 20 upande wa Muheza, Pongwe, Pangani au Mkinga: michungwa kidogo, minazi, mahindi, mihogo. Aliye na ekari mia za mahindi huko Handeni atafute trekta kubwa, hili dogo litamchosha na yeye atalichosha.

Hatua ya 1: Litembee shamba

Pita kila mstari utakaolimwa. Chomeka mtaimbo kila baada ya hatua chache, ushuke kama sentimita 20. Ukigonga kitu, simama, fukua, ujue ni nini. Kisiki cha mkorosho au mwembe king'olewe kabisa. Kisiki cha mnazi ni kidogo kwa macho lakini mizizi yake imejaa pande zote, kwa hiyo kama huna nguvu ya kuking'oa mwaka huu, kiwekee mti mrefu uliopakwa chokaa, dereva akione akiwa mbali. Karibu na bahari, Pangani na Mkinga, jiwe la matumbawe linakuwa limelala chini tu ya udongo. Sehemu hiyo iache nje ya hesabu ya rotaveta, kifaa cha nyuma ya trekta chenye visu vinavyozunguka na kusaga udongo, ipandwe mnazi au ibaki malisho.

Mashamba mengi ya huku yalikuwa ya mkonge. Usidanganyike na ulaini wa kisiki cha mkonge, maana shida yake ni nyuzi. Zinajizungusha kwenye shafti ya rotaveta, zinajikaza, zinaingia kwenye oili sili. Siku unaona oili inatiririka, beringi ilishaanza kuharibika. Shamba la mkonge wa zamani lisafishwe kwa jembe na kwa mkono, na rotaveta iingie msimu wa pili.

Halafu tazama pa kugeuzia. Acha mita 5 kila upande wa shamba, pasipo mgomba, fensi wala shimo la taka. Bila nafasi hiyo dereva atageuza kwa kulazimisha, breki ya tairi moja, kifaa kikiwa bado ardhini, na hapo ndipo mikono ya nyuma inayobeba kifaa inapopinda. Kama kuna mtaro kati ya njia na shamba, weka daraja la magogo mazito au karavati sasa hivi.

Udongo nao upimwe. Kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kipo hapa hapa Muheza na kupima udongo ni kazi yake ya miaka mingi. Majibu yanaweza kukuonyesha kwamba sehemu fulani inataka samadi na chokaa zaidi ya inavyotaka kulimwa, na hapo umeokoa dizeli.

Hatua ya 2: Hesabu saa za kazi

Tuchukue ekari 12: sita za michungwa, sita za mahindi na mihogo. Rotaveta ya upana wa mita 1.2 ukiipishanisha kidogo kila mstari inabaki na mita 1.1 ya kazi halisi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo trekta litatembea karibu kilomita 3.7 kuimaliza. Kwa mwendo wa kilomita 2.5 kwa saa, ambao ndio mwendo wa heshima kwa rotaveta, hiyo ni saa moja na nusu. Ongeza kugeuza na kusimama, sema saa mbili. Ekari sita, masika na vuli, ni saa 24. Kufyeka majani kwenye michungwa kunakwenda haraka zaidi, saa moja na robo hivi kwa ekari, na ukifyeka mara nne kwa mwaka ni saa 30. Kubeba machungwa, mbolea, maji na kuni, weka 40. Kupukuchua mahindi na kuendesha pampu, 15.

Jumla haifiki saa 110 kwa mwaka mzima. Kazi mchanganyiko ya namna hii inakula lita 3 hadi 4 za dizeli kwa saa, kwa hiyo dizeli si mzigo wa kutisha. Kinachouma ni fedha iliyolala. Injini ya dizeli ya namna hii ikitunzwa hufika saa elfu kadhaa, na wewe unaitumia mia. Kwa ekari chini ya nane, kama huna mpango wa kulimia majirani, kodi tu. Isipokuwa kama kwenu trekta la kukodi huja mvua ikiwa imeshapita wiki mbili. Hapo hesabu inabadilika, kwa sababu mahindi ya vuli yaliyochelewa hayalipi.

Hatua ya 3: Chagua vifaa, ndipo uchague trekta

Ukiwa na michungwa na mashamba madogo, vitu vinne vinatosha kuanza navyo: mashine ya kufyeka, tela, jembe la diski mbili, na rotaveta au ripa, jino la chuma linalochana mstari bila kugeuza udongo. Wauzaji husukuma rotaveta kwa sababu inapendeza macho, inatoa udongo laini kwa kupita mara moja. Kwenye shamba lililokwisha safishwa ni nzuri. Kwenye shamba lenye visiki, jembe la diski ndilo mwenyeji, kwa sababu diski ikikutana na kisiki hupanda juu yake na kushuka upande wa pili, wakati kisu cha rotaveta kinagonga na kukatika. Udongo wa kichanga wa pwani ukipigwa rotaveta kila msimu unakuwa unga, na mvua kubwa ya kwanza inaufunga juu ukawa ganda ambalo mche wa mahindi unashindwa kulitoboa. Mimi nampendelea mwenye ripa: unachana mistari ya sentimita 75, unapanda humo humo, kati ya mistari unaacha majani yaliyofyekwa.

Ukishajua vifaa, nguvu inajulikana. Rotaveta ya mita 1.2 na diski mbili ndogo zinataka farasi 25 hivi. Lakini uzito una maana sawa na nguvu. Trekta jepesi litazungusha matairi palepale wakati injini bado ina nguvu, na kifaa kizito nyuma kitainua pua yake. Ulizia vyuma vya uzito vya mbele, na uchukue lenye kuvuta kwa matairi yote manne. Pawatila, vitrekta vya matairi mawili vya kushikwa kwa mikono, zilizosambazwa wilayani enzi za Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, zilifaa majaruba ya mpunga. Kwa mzigo na mwinuko, lenye miguu minne lina raha yake.

Angalia pini za mikono ya nyuma. Kwa matrekta madogo tundu za mikono ya chini ni za milimita 22 na ya juu milimita 19. Mkononi mwa muuzaji wa vifaa utakutana na jembe la trekta kubwa lenye pini nene zaidi, na atakwambia fundi atapunguza. Usinunue. Shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha kifaa, nayo iwe na meno sita, mzunguko wa 540 kwa dakika.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa trekta lililotumika

Mengi ni ya Japani: Kubota, Yanmar, Iseki. Ni mashine ngumu, ila zilitengenezwa kwa ajili ya wakulima wa kwao, kwa hiyo maandishi ni ya Kijapani na PTO mara nyingi ina gia tatu au nne. Gia ya kwanza kwa kawaida ndiyo iliyo karibu na 540, hizo nyingine zinazungusha kifaa kuliko kinavyostahimili. Siku ya kununua, bandika kibandiko kwenye kila mkono wa gia kwa Kiswahili, maana dereva atakayekuja kesho hatakuwa na muda wa kubahatisha.

Fika asubuhi, na umwambie muuzaji kabla kwamba usikute injini imewashwa. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo wanalificha. Injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli: moshi mweupe unaopotea baada ya dakika moja si tatizo, wa buluu unaoendelea ni oili inaungua, mweusi mzito bila mzigo ni nozeli au filta ya hewa. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Mvuke kidogo ni kawaida, lakini mvuke ukiupuliza mkono wako kwa nguvu, pistoni na ringi zimekwisha.

Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani. Trekta lililofanya kazi ya mpunga mara nyingi limezama kwenye tope hadi ekseli ya mbele, kwa hiyo lala chini, pitisha kidole kwenye sili za mbele, zote mbili, uone kama kuna unyevu wa oili uliochanganyika na vumbi.

Inua kifaa kizito kwa haidroliki, zima injini, kaa nalo dakika kumi mkipiga soga. Kikishuka kidogo sana ni sawa. Kikiwa chini kabla soga halijakolea, sili za lifti zimechoka. Mita ya saa isikushawishi, inarudishwa nyuma kirahisi. Tazama raba ya pedali ya klachi na tundu za mikono ya nyuma. Mita inasema saa 600 na tundu imekuwa yai, chagua utakayemwamini.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: andika namba ya filta ya oili, ya dizeli na ya hewa, uende nazo maduka ya spea Tanga mjini au Gerezani pale Kariakoo. Ukikosa filta, umekosa trekta.

Hatua ya 5: Dereva

Mkabidhi dereva trekta mbele ya watu wa nyumbani, na mweleze mambo haya wote wakisikia.

Shafti ya PTO inazunguka mara tisa kwa sekunde. Kwenye kiungo chake chenye unene wa kama sentimita 10, kitambaa kinavutwa karibu mita tatu kila sekunde. Kanga ina urefu wa mita moja unusu. Mama anayeinama kuokota mahindi karibu na mashine ya kupukuchua, ncha ya kanga ikigusa shafti, hakuna dereva mwenye mkono wa haraka wa kuzima kabla haijakwisha. Kifuniko cha plastiki cha shafti kisitolewe kwa kisingizio chochote, na siku ya kupukuchua kina mama wavae gauni lililofungwa au suruali chini, kanga na mitandio ibaki nyumbani. Kanzu vilevile. Watoto wasikaribie.

Mnyororo wa kuvuta gogo ufungwe kwenye ndoano ya chini ya kuvutia tu. Ukifungwa juu, kwenye ekseli au mkono wa juu, na gogo likigoma, trekta linanyanyuka na kumlalia dereva chini ya sekunde 2. Fremu ya chuma nyuma ya kiti ikiwa imesimama, mkanda ufungwe. Ikilazwa kupita chini ya michungwa, mkanda ufunguliwe, na baada ya michungwa fremu isimamishwe tena. Njia ya kupanda Amani na vilima vyote vya Usambara: shuka kwa gia ndogo uliyochagua ukiwa juu, kamwe usishuke na frii. Barabarani pedali mbili za breki ziunganishwe kwa kile chuma chake, vinginevyo ukikanyaga moja trekta linageuka ghafla.

Kisa kimoja kitamkuta kila mwenye rotaveta. Kati ya PTO na kifaa kuna bolti iliyowekwa makusudi ikatike pakigongwa kisiki, isije ikavunjika giaboksi. Jioni dereva anapiga simu.

"Shikamoo mzee. Bolti ilikatika, ila nimeshachonga nondo nikaweka, kazi inaendelea."

"Marahaba mwanangu. Zima, toa hiyo nondo, chini ya kiti kuna kopo la bolti."

Kopo hilo lisikose kuwepo. Bolti zinanunuliwa kumi kumi, za ulaini ule ule ulioandikwa kwenye kitabu cha rotaveta.

Trekta likitoka shambani kuingia barabarani linahesabiwa chombo cha moto: usajili, bima, dereva mwenye leseni ya daraja lake. Barabara ya Muheza kwenda Segera ina mabasi ya Dar es Salaam yanayokwenda kasi, na trekta lako halivuki kilomita 25 kwa saa. Tela liwe na viakisi mwanga vikubwa, lisisafiri usiku, na kama halina breki zake lisibebe mzigo unaozidi uzito wa trekta lenyewe.

Hatua ya 6: Kuingia shambani

Usiingie siku ya kwanza baada ya mvua hata kama jirani ameshaingia. Chukua udongo wa kina cha sentimita 10, finyanga donge, liachie kutoka kiunoni. Likipasuka vipande, washa trekta. Likibaki bapa chini, rudi kesho. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa mbichi unakandamizwa chini ya tairi na kuacha tabaka gumu ambalo mzizi wa muhogo unaligonga na kugeuka.

Mstari wa kwanza lima mita ishirini, zima, shuka, pima kina kwa rula. Rekebisha mkono wa juu mpaka kifaa kikae sawa. Gia ya matairi ya mbele iwe imeingizwa shambani, itolewe kwenye lami na njia ngumu, la sivyo inajikaza na kula meno. Kufuli ya difu, inayofanya matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ni ya kutokea kwenye tope ukienda moja kwa moja. Ukiwa umeikanyaga usikate kona.

Kwenye michungwa usipitishe rotaveta kabisa. Mizizi inayolisha mti imetanda karibu na juu ya ardhi, na kila kisu kinachopita kinaipunguza. Fyeka majani, yaache yalale chini ya miti. Kabla ya hapo kata matawi yaliyoshuka chini ya mita mbili kwenye njia, kwa ajili ya macho ya dereva na bomba la moshi.

Hatua ya 7: Matunzo ya mtu wa pwani

Vitabu vya trekta havikuandikwa kwa upepo wa chumvi. Ncha za betri zinapofungwa nyaya zipakwe grisi, soketi za nyaya zifunguliwe na kukaushwa mara mbili kwa mwaka. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na maji hayo ndani ya rejeta yanakula alumini ya injini kimyakimya. Tumia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, na ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi. Kisima hicho hicho kisitumike kuoshea.

Unyevu wa Tanga unaingia hata kwenye dizeli. Tangi lililobaki nusu usiku kucha linajikusanyia matone ndani, kwa hiyo jaza jioni baada ya kazi, si asubuhi. Dizeli ya dumu iache itulie siku nzima, imimine kupitia chujio, na lita ya mwisho ya chini usiitie. Chini ya filta ya dizeli kuna kikombe: kila wiki kilegeze, mwaga kwenye chupa safi ya plastiki, inua juani. Maji yanakaa chini na mstari unaonekana wazi. Endelea kumwaga mpaka mstari upotee, kisha toa hewa kwenye bomba kabla ya kuwasha.

Kila saa kumi za kazi, grisi kwenye nipeli zote, zile chuchu ndogo za kuingizia grisi. Trekta jipya, oili ya kwanza ibadilishwe kwenye saa 50, baada ya hapo fuata kitabu. Ukifyeka, simama kila saa moja utoe mbegu za majani kwenye wavu wa rejeta, ndizo zinazopandisha joto. Upepo wa matairi ya nyuma kwa kawaida ni PSI 12 hadi 20, soma ubavuni mwa tairi. Vijana wa pancha za bodaboda wamezoea kujaza zaidi, na tairi gumu linateleza.

Hatua ya 8: Kulimia majirani

Hapa ndipo saa 110 zinapogeuka 300, na hapa ndipo ugomvi unapoanza. Wengi tunapima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Dereva mrefu mwenye hatua ya mita moja amepima mita za mraba 4,900, yaani ekari moja na zaidi ya sehemu ya tano, bure. Nunua kamba ya kupimia, ekari iwe mita 64 kwa 63, na mpime pamoja na mwenye shamba kabla injini haijawashwa. Shamba lenye visiki litozwe kwa saa, lisitozwe kwa ekari. Kwa sababu hiyo hiyo dereva asilipwe kwa ekari peke yake: atakimbia, atalima juu juu, na visu vitakwisha kwenye mawe ya watu. Mpe mshahara wa siku na nyongeza kidogo kwa kila wiki ambayo daftari lina saa zote, lita zote na nipeli zote.

Shamba la jirani nalo litembelewe na mtaimbo kabla ya kukubaliana bei, na dizeli ilipwe trekta likiwa bado kwako.